Mtoto Aliyesemekana Anaomboleza

Mama yangu alipokufa Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, nilipata bahati ya kugundua kwamba nina jamaa wengi kuliko nilivyojua. Walikuja kutoka kila upande wa kambi, wengine kutoka vijiji ambavyo sikuwahi kufika ingawa tulikula mgao mmoja kwa miaka. Walikuja na mikeka, na vitabu vya nyimbo, na hamu nzuri ya kula. Walikaa chini ya turubai tuliloazima kanisani, wakanipa pole, kisha wakaanza kazi iliyowaleta, yaani kunitazama kama ninalia.

Sikuwa ninalia. Sijisifu kwa hilo, wala sijutii. Machozi hayakuja, basi. Mama ndiye aliyetutoa Kivu ya Kusini mwaka wa tisini na sita, mimi nikiwa bado shule ya msingi, na shule yangu iliishia njiani pamoja na sufuria zetu. Ndiye aliyelima shamba letu la mahindi na maharage karibu na ziwa mpaka mgongo ukakataa. Sasa alikuwa amelala chini ya udongo mwekundu wa Isingiro, wilaya ya kambi yetu, na mimi nilikuwa kama nyumba iliyohamwa, mlango wazi na ndani hakuna mtu. Wanawake walinong'onezana kwamba labda sisi wawili hatukupatana.

Kwetu binti wa marehemu ni mwenye kilio. Hukaa juu ya mkeka, mgongo ukutani. Hapiki, hachoti maji, havuki mwisho wa uwanja, mpaka wazee waondoe matanga kwa kumwosha kichwa na kumwaga nje majivu ya moto ule uliowaka siku zote za msiba. Akitoka kabla ya hapo anabeba kifo katika nyayo zake na kukipeleka katika nyumba za watu. Mlinzi wa sheria hii alikuwa mama mkubwa, dada wa mama yangu. Ni sheria iliyovuka mpaka bila karatasi yoyote, jambo ambalo sisi wenyewe tulihangaika nalo sana.

Nilikuwa na mtoto mmoja wa kiume, anakaribia miaka mitatu. Baba yake alikuwa ameenda Kampala kutafuta kazi, na aliitafuta kwa bidii kubwa hivi kwamba hata simu haikuweza kumpata. Kwa hiyo mtoto alikuwa wangu na wa koko yake. Ndivyo tunavyomwita bibi, koko. Alilala mkono wa koko, alikula katika sahani ya koko, na kama mimi nilimkataza jambo alikwenda kushtaki kwa koko, na kesi nilishindwa kila mara.

Juma ambalo mama alikufa, mtoto alikuwa na mafua. Nani ataangalia pua ya mtoto wakati kuna maiti ndani ya nyumba? Tulizika, mafua yakaisha yenyewe, nikashukuru kwamba angalau kitu kimoja kimeisha bila kunisumbua. Kisha mwili wake ukawa moto. Akakataa ugali, akakataa maharage, akakataa hata ndizi mbivu ambayo kwa kawaida ungemnyang'anya kwa vita.

Wanawake wa matanga walikuwa na jibu kabla sijauliza. Mtoto anaomboleza.

Siku iliyofuata akaacha kusema. Anaomboleza. Mate yakaanza kumtoka, mazito, yakilowesha shati mpaka kifuani. Mmoja akasema ni meno, akakumbushwa kwamba mtoto ana meno yote na ameshamng'ata nayo mjukuu wa mwanamke huyo huyo, basi akakubali kwamba ni kuomboleza. Kisha kichwa chake kikaegemea upande wa kushoto na kubaki hapo hapo, kama mtu anayesikiliza ukuta. Hapo ndipo furaha ya watu ilipokamilika, kwa sababu mkeka wa mama yangu ulikuwa upande wa kushoto wa mlango.

Mama mkubwa ndiye aliyegundua. Alimwelekeza kwa kidole ili hata waliokaa nyuma waone.

"Munaona? Anaangalia fasi ya koko yake."

Watu waliguna kwa uchungu. Mwanamke mmoja alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Mwingine akaanzisha wimbo, wengine wakaitikia kwa sauti tatu tofauti, vizuri kabisa, maana kwaya yetu ilisifika mpaka zoni nyingine. Usaha ulikuwa unajikusanya nyuma ya koo la mtoto wangu, na sisi tulikuwa tunamwimbia.

Bila shaka nililinganishwa naye. Mtoto asiyejua hata kufunga kaptula alikuwa amenishinda kuomboleza. Yeye hali, hasemi, anatokwa na mate ya huzuni, shingo imeinama kwa koko yake. Mimi nilikaa tu na macho makavu kama mtu anayesubiri zamu kwenye bomba. Kulikuwa na mzee mmoja aliyepinga maoni ya wengi. Yeye alisema ni kilimi, kile kinyama kinachoning'inia ndani ya koo, na kwamba anamjua mtu wa kukikata kwa waya. Wengi walimkatalia, na ninawashukuru, ingawa hawakumkatalia kwa sababu ya akili. Walimkatalia kwa sababu huzuni ilikuwa inapendeza zaidi.

Nami niliamini. Nisiwasingizie wengine peke yao. Niliamini kwa sababu nilitaka kuwe na mtu mwingine ndani ya nyumba anayeumia kama mimi, na kama mtu huyo ni mtoto wa kimo cha goti, basi na awe huyo.

Kikombe ndicho kilichoniamsha. Jirani alimpa chai ya sukari katika kikombe cha plastiki, si kwa kutumaini, bali ili aonekane amejaribu. Mtoto alikishika kwa mikono miwili. Alikivuta haraka, kama anavyovuta mwenye kiu, akaingiza chai mdomoni, na papo hapo uso ukakunjamana, chai ikarudi nje pamoja na mate, akalia. Kilio chenyewe kilitoka kimefunikwa, kama cha mtu anayelia chini ya blanketi. Kisha akakichukua kile kikombe tena. Akajaribu tena. Ikarudi tena.

Mimi nilikuwa na sahani ya maharage mbele yangu tangu asubuhi. Nilikuwa ninaitazama kama unavyotazama jiwe. Hakuna aliyenizuia kula, koo langu lilikuwa wazi kama barabara ya Kabingo. Sikutaka tu. Kuhusu kutotaka chakula nilikuwa nimekuwa fundi, na nilipomtazama mwanangu niliona mtu wa namna nyingine kabisa. Yeye anataka. Anataka sana, na hawezi.

Nilimwita kutoka ubavuni. Hakugeuza kichwa. Aligeuza mwili wote, mabega na tumbo na miguu, kama mtu aliyebeba jerikani ya maji kichwani. Nilimshika kidevu nikajaribu kukiinua taratibu, akapiga ukelele. Nikamweka kifuani nikasikia pumzi yake ikikoroma, naye hakuwa amelala. Siku zote hizo wimbo ulikuwa unaifunika pumzi hiyo.

Nilimwambia mama mkubwa, "Huyu mutoto ni mugonjwa."

"Ni mugonjwa wa koko yake. Itaisha."

"Anataka kunywa, anashindwa."

"Na weye hauyakula tangu tumuzike. Tukupeleke hospitali?"

Wanawake walicheka kidogo, kicheko cha adabu cha kwenye msiba. Lazima niseme lilikuwa jibu zuri.

"Mimi sitaki," nilisema. "Yeye anataka."

Akaniambia nikae. Akanieleza tena, kwa sauti ambayo hata bibi mmoja kiziwi aliyekaa karibu na jiko aliitikia kwa kichwa, kwamba nikivuka uwanja nitakuwa natoka na marehemu. Nitamtembeza mama yangu mitaani kama mtu asiye na kwao. Je, ninataka wafu waingie mu manyumba ya batu kwa sababu ya mtoto anayekataa chai?

Nilisimama na mtoto mikononi. Miguu ilikuwa imekufa ganzi kwa kukaa, na nusura nimwangukie mchungaji wa lile kanisa lenye turubai.

"Basi mama atusindikize," nilisema. "Njia ya kliniki anaijua."

Sijui kama kuna mtu aliyecheka. Nilikuwa nimeshafika barabarani. Kijana wa bodaboda aliyekuwa akisubiri abiria kwenye mti wa mwisho alitazama kitambaa cheusi kichwani mwangu, akatazama nyayo zangu, akafikiri. Kisha akasema yeye ni Mrundi, mambo ya Wakongo hayamhusu. Nilitaka kumfunga mtoto mgongoni, akakataa kwa mikono na miguu. Hakutaka kuegemea wala kulazwa. Alitaka kukaa wima, kidevu mbele, mdomo wazi, kama mtu anayechungulia kisima. Nikamwacha akae anavyotaka, mbele yangu. Baadaye niliambiwa kwamba mtoto mwenyewe ndiye aliyekuwa ameshachagua namna pekee ya kupata hewa. Katika ukoo wetu wote, yeye peke yake ndiye aliyekuwa anatibu.

Kliniki walimtoboa kidole kupima malaria. Hakukuwa na malaria. Muuguzi alirudia kukitazama kile kipimo kama anayeachwa na rafiki wa siku nyingi, kwa sababu kwetu malaria ni heshima ya kila homa. Akachukua kijiti cha kukandamizia ulimi, akamsogelea mtoto, akaona mate, akaona shingo, akasikia ile pumzi, akakiweka kijiti chini. Hilo ninamsifu mpaka leo. Aliniuliza shingo imekaa hivyo tangu lini, kama alianza na mafua, kama amekojoa. Kisha akampiga sindano, akaita gari la wagonjwa litupeleke hospitali kubwa ya Mbarara.

Alikuwa Mnyankole, mwenyeji wa huko, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini nilikielewa chote, hata lile nyabo lao la kumwita mwanamke kwa heshima. "Nyabo, hapana lalisha yeye chini. Hata kama nalala, shika yeye amekaa. Mpaka Mbarara."

Nilimshika amekaa mpaka Mbarara. Kuhusu safari hiyo sina la kueleza, kwa sababu sikuona milima wala ng'ombe. Niliona kifua kimoja kidogo na mahali pale juu ya mfupa wa kifua ambapo ngozi inaingia ndani kila mtoto anapovuta hewa. Nilikuwa na sala moja tu, nayo haikuwa nzuri. Nilimwambia Mungu kwamba ameshachukua mmoja mwezi huu na asijifanye amesahau.

Daktari wa Mbarara alikuwa kijana ambaye baba yake alikuwa askari, na Kiswahili alikiokota kambini mwa jeshi, hivyo kila neno lake lilikuwa amri ya gwaride. Kaa. Shika mtoto. Hapana fungua mdomo yake. Alisimama mbali akamtazama kwanza, mikono nyuma, bila kumgusa, na mimi nikafikiri, haya, huyu naye ataanzisha wimbo. Kumbe alikuwa anafanya kazi. Akiogopeshwa mtoto wa namna hii, alinieleza, analia, na akilia njia ndogo iliyobaki inaweza kufunga.

Walimpiga picha ya shingo kwa ubavu. Daktari aliiinua kwenye mwanga wa dirisha akanionyesha. Hii mifupa ya shingo. Hii nyeusi ni bomba ya hewa. Katikati yao nyama inatakiwa kuwa nyembamba. Kwa mwanangu ilikuwa nene kama dole gumba langu, imevimba mbele, imelisukuma lile bomba jeusi mpaka likapinda.

"Jipu," alisema. "Iko nyuma ya koo. Usaha."

Aliniambia kwamba watoto wadogo wana tezi ndogo huko nyuma, ambazo hunywea wakikua, na mafua au vidonda vya koo vinaweza kupeleka uchafu humo. Tezi inavimba, inaoza, inakuwa jipu. Ndiyo maana shingo inakakamaa na kuinama, ndiyo maana mate hayamezeki, ndiyo maana sauti inafunikwa. Likiachwa linaweza kuziba hewa, au kupasuka mtoto akiwa amelala chali na usaha ukaingia mapafuni. Kisha akaniuliza, bila ukali, huko nyumbani tulifikiri ni nini.

Ningeweza kusema tulifikiri ni malaria. Lingekuwa jibu la heshima.

"Tulifikiri analilia koko yake," nilisema. "Alikufa."

Daktari aliishusha ile picha. Alikiangalia kitambaa changu cheusi.

"Labda nalia yeye pia," alisema. "Lakini kulia hapana leta homa."

Waliniuliza kama ninakubali wampasue. Niliuliza kama kuna jibu jingine. Wakasema hakuna, nikakubali, wakamchukua, ameketi kwenye mikono ya nesi, kidevu mbele, akinitazama kwa mwili mzima.

Katika wodi, kitanda cha jirani, kulikuwa na mwanamke Mwislamu wa Nyamityobora, mtaa wa pale mjini, muuza vitenge, aliyekuwa anamuuguza mjukuu aliyevunjika mguu. Aliniona nimesimama katikati ya njia nikiwazuia watu wa matoroli. Akanivuta kwa mkono.

"Umefiwa, binti?"

"Mama yangu."

"Na matanga?"

"Nimeyaacha."

Nilisubiri hukumu. Alisogea kwenye mkeka wake, akapigapiga nafasi iliyobaki. "Basi keti. Tutakaa nawe hapa."

Akakaa nami. Alinimiminia chai kutoka chupa yake, akanisimulia juu ya mteja mmoja aliyerudisha kitenge baada ya kukivaa harusini, na juu ya mkwe wake ambaye hawezi kupika wali bila kuuchoma. Hakuimba hata ubeti mmoja. Hakunitazama kama ninalia. Sijapata kukaliwa matanga mazuri kuliko hayo, na yalifanyika karibu na mlango wa choo.

Walipomrudisha mtoto alikuwa na mpira puani na mwingine mkononi. Daktari alisema wamelifungua jipu kwa ndani, kupitia mdomoni, wakaunyonya usaha, na sasa iliyobaki ni dawa ya mshipa, na subira. Dawa ilikuwepo. Subira walitarajia niilete kutoka nyumbani. Nilikaa nikiangalia tone la dawa likianguka, na lingine, na nikiangalia kooni pake. Sikujua kwamba mtu anaweza kumtazama mtoto akimeza mate na akaona ni harusi. Alipomeza mara ya kwanza bila kukunja uso nilimwamsha yule mama wa Nyamityobora ili aone. Akaona. Akasema alhamdulillahi, akalala tena.

Siku hizi, wanawake wa bombani wananiita daktari wa mate. Ni utani, lakini wanakuja. Mtoto ana mafua, wanauliza, nifanye nini? Mara nyingi ninawaambia wampanguse pua. Sina elimu ya kumtisha mtu. Ila nawaambia, mtoto mwenye homa asipoweza kumeza hata mate yake, shingo ikikakamaa au ikilala upande, sauti ikifunikwa, pumzi ikikoroma macho yakiwa wazi, usimwite mzee wa waya, usimkande shingo, usimlaze, usimchokonoe kooni kwa kijiko. Mwache akae alivyojiweka, mpeleke mbio. Wananiuliza nimejuaje yote hayo. Nawaambia nilisomea kwenye kilio.

Kuhusu kilio chenyewe, habari zilinifikia kwa simu ya jirani. Waliondoa matanga bila mimi. Kwa kuwa lazima kiwepo kichwa cha kuoshwa, walimkalisha binti wa mjomba kwenye mkeka wangu, wakamwosha yeye kwa niaba yangu. Inasemekana alilia vizuri sana. Mama mkubwa alituma salamu na kuuliza hali ya mtoto, na akaomba nikirudi nipitie njia ya nyuma, nisipite mbele ya nyumba yake. Nilifanya hivyo kwa muda mrefu. Ni njia yenye matope, lakini ina kivuli.

Tulikuwa bado Mbarara mpira wa pua ulipotolewa. Mtoto alikunywa uji, kikombe kizima, akaomba tena. Sauti ilikuwa imerudi, bado ina mikwaruzo, ila ilikuwa yake. Alitazama kitanda, dirisha, mjukuu wa jirani na mguu wake uliofungwa plasta. Kisha akauliza.

"Koko iko wapi?"

Nilitafuta jibu, na nikitafuta ndipo nilipoelewa kwamba hakuna mtu aliyemwambia. Siku zote zile chini ya turubai, watu wote wale, na nyimbo zote zile, kila mmoja akishuhudia jinsi mtoto anavyomlilia koko yake, na hakuna hata mmoja, nami nikiwemo, aliyemwambia kwamba koko amekufa. Siku ya mazishi walimwambia amelala.

"Koko alikufa," nilisema. "Tulimuzika mu udongo."

"Atakuya kesho?"

"Hapana. Hatakuya."

Alinitazama kuona kama ninatania, kwa sababu tulikuwa na desturi ya kutaniana juu ya koko. Hakuona utani. Midomo ikaanza kutetemeka. Akageuza uso kuelekea ukutani, na mimi, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichoona ni kwamba mabega hayakuenda. Shingo iligeuka peke yake, laini, mpaka mwisho. Nikafurahi. Kisha akafungua mdomo wote akalia, kwa koo lililo wazi, kwa sauti iliyofika mpaka wodi ya pili, na nesi akaja mbio kuuliza anaumwa wapi. Nilitaka kumjibu, nikashindwa, kwa sababu nilikuwa ninalia kuliko yeye.